Pigo Lisilogusa Nyuzi

Katika vigango vya huku Mazinde Juu, anayepiga gitaa vibaya kwenye misa hakosi mtetezi. Kikao cha kwaya kitakaa, atainuka mmoja aseme kwamba Mungu hatazami vidole, anatazama moyo, na mazungumzo yataishia hapo. Nimelisikia jibu hilo tangu nikiwa msichana wa sauti ya pili mpaka sasa ninapowafundisha vijana gitaa kavu Jumamosi mchana, na halijawahi kunipa amani. Aya inayoegemewa iko katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, pale nabii anapokwenda Bethlehemu kumpaka mafuta mmoja wa wana wa Yese na kuonywa asihukumu kwa kimo wala kwa sura. Wanaoitaja huishia mstari wa 7. Sura yenyewe inaendelea. Chini yake kidogo mfalme Sauli anasumbuliwa na roho mbaya, watumishi wanashauri atafutwe mtu anayejua kupiga kinubi, na kijana mmoja wa ikulu anamtaja Daudi. Sifa ya kwanza anayompa ni kwamba anajua kupiga. Ushujaa na ufasaha wa maneno vinakuja baadaye.

Kumbe yule ambaye Mungu alikuwa ameutazama moyo wake alikuwa pia na vidole vilivyofundishika. Huko machungani, kabla mtu yeyote hajamjua, bila shaka alikaa na chombo chake akarudia na kurudia. Sura moja imeyaweka mambo yote mawili pamoja. Sisi tumechukua la kwanza tukaliacha la pili kwa sababu la pili lina kazi.

Swali lenyewe lakini ni zito, na sitaki kulipita haraka. Mtu anayekaa jioni nzima akinyoosha mkono wake wa kulia juu ya kodi mbili za gitaa, anasali au anajipenda? Juhudi ya kufanya kitu vizuri inapoelekezwa madhabahuni, ni sehemu ya sadaka, au ni tamaa ya kusikiwa iliyojipatia mahali patakatifu? Ninaamini ni sehemu ya sadaka. Na ninaamini gitaa la ridhimu linaonyesha jambo hilo kuliko chombo kingine chochote ninachokifahamu.

Anayeanza huamini kwamba kazi yote iko mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Akishajua G, C na D anajiona amefika. Ridhimu iko kulia. Mkono wa kulia unashuka na kupanda bila kukatika, ukitokea kwenye kifundo, si kwenye kiwiko, wala bega halihusiki kabisa. Kiganja kimelegea. Ukibana sana kile kipande cha plastiki cha kukwanyulia, mkono mzima unakakamaa na nyuzi zinalia kwa ukali; ukikishika kiasi tu cha kutokiangusha, zinafunguka. Katika wimbo wa mapigo manne mkono unashuka kwenye kila pigo na kupanda katikati ya kila pigo, mwanzo hadi mwisho. Kinachotofautisha wimbo na wimbo ni wapi mkono unagusa na wapi unapita hewani. Mwendo wenyewe haubadiliki.

Hapo ndipo wanafunzi wangu wote hukwama. Wakifika mahali pasipo na sauti wanausimamisha mkono, wanausubiri wakati urudi, na wakianza tena wamechelewa au wamewahi. Ninawaambia wasisimame. Mkono ushuke hata pasipo na kitu cha kugusa. Ninaliita pigo tupu, na ninalifundisha kabla ya kodi yoyote: nyuzi zimezimwa kwa kiganja cha kushoto, hakuna wimbo, mkono wa kulia unakwenda tu, mara unagusa, mara unapita.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, anahangaika na wakati kwa namna ambayo mpiga ridhimu ataielewa mara moja. Yaliyopita hayapo tena. Yajayo hayajawapo. Sasa yenyewe haina urefu, maana ukiigawa unakuta nusu imekwisha kupita na nusu haijafika. Tunawezaje basi kusema kwamba silabi hii ni ndefu kuliko ile? Mfano anaouchukua ni wa kuimba. Mwimbaji kabla hajaanza ametanda juu ya wimbo mzima kwa kutarajia. Anapoimba, yale ya mbele yanapita ndani yake na kugeuka kumbukumbu, na roho yake imenyooshwa pande zote mbili kwa pamoja. Tunaupima wakati huko ndani, anasema, katika roho.

Mkono unaposhuka hewani bila kugusa uko katika hali hiyohiyo. Umebeba kumbukumbu ya pigo lililotangulia na matarajio ya lijalo, na wenyewe hautoi chochote kinachosikika. Mwanafunzi anayeusimamisha anaamini kwamba wakati ni sauti yake: asiposikika, wakati umekoma, na itabidi auanzishe tena kwa nguvu zake. Anayepita amekubali kwamba wakati ulikuwapo kabla hajashika gitaa na unaendelea yeye akiwa kimya. Ninaliona hili kuwa tendo la imani, na ninalisema bila kutia chumvi. Kuna watu wazima waliosoma, wenye nyadhifa, ambao maisha yao yote yanaendeshwa na hofu kwamba wakinyamaza kidogo dunia itasimama.

Nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa kibarua wa mkonge bondeni, Mazinde ile ya chini iliyo kando ya barabara ya Moshi na reli ya Tanga. Mashamba ya mkonge yalikusanya manamba kutoka mbali, wengine kutoka nje ya nchi, na kila mmoja alikuja na namna yake ya kushika nyuzi. Mjomba alisikiliza redioni bendi za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na alimpenda Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akiimba Kiswahili na gitaa kavu moja tu. Mwenda alipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Kila mtu husikiliza kile cha shahada kwa sababu ndicho kinachochonga sauti tamu juu. Mjomba alinilazimisha nisikilize gumba. Alinikataza kusema lolote kuhusu wimbo mpaka niweze kugonga mezani kile gumba lilichokuwa likifanya, peke yake, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile kidole cha juu kina uhuru wote ule kwa sababu gumba haliendi popote.

Mjomba mwenyewe alipiga ridhimu kwenye dansi za Jumamosi kambini. Wimbo wa dansi ukiingia kwenye chemko, pale unapochangamka, mpiga solo anaruka anakotaka, na wa ridhimu anashika kipande kimoja kifupi, labda cha mapigo manane, akakirudia dakika nyingi bila kukibadilisha. Mjomba alikuwa akisema kwamba akikosea mpiga solo watu wanacheka, akikosea wa ridhimu watu wanakwenda kukaa. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, huchoki kurudia kitu kilekile?"

"Mama," akanijibu, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "mimi sirudii. Kila nikizunguka nakuta wanaocheza wako mahali pengine."

Katika Mathayo sura ya 6 Bwana anaonya juu ya kuomba kwa maneno mengi yanayorudiwa ovyo, na ndugu zetu wa makanisa mengine huturushia mstari huo wakitukuta na rozari, makumi matano ya Salamu Maria yaleyale. Sura ya 26 ya kitabu kilekile inamwonyesha yeye mwenyewe Gethsemane akienda kusali mara ya tatu kwa maneno yaleyale. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari unaishia kwenye kiitikio kilekile. Basi kurudia si kosa. Kosa ni kurudia mtu akiwa hayupo. Majirani zetu Waislamu wanalijua hili: baada ya swala tasbihi inahesabiwa thelathini na tatu, thelathini na tatu tena, na tena, na mzee anayehesabu kwa viungo vya vidole vyake hana shida ya kuishiwa maneno. Anataka maneno machache yamzamishe.

Mazoezi ya mkono wa kulia yanapaswa kuwa ya namna hiyo, na mara nyingi hayawi. Kijana anawasha televisheni, anaweka gitaa mapajani, anakung'uta saa nzima akitazama mpira, kisha anasema amefanya mazoezi. Ametia mkononi uzembe wa saa nzima. Mimi ninataka robo saa ya kusikiliza kweli. Kodi mbili tu, G na C, taratibu mno. Vijana wana metronomu kwenye simu. Ninawaambia waiweke ilie kwenye kila pigo, wakishatulia waiweke ilie kwenye pigo la pili na la nne tu, kisha mara moja kwa kila mzunguko, kisha mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kila hatua mashine inasema machache zaidi, na kijana anabeba mwenyewe zaidi. Ikilia na kumkuta mahali palepale, uso wake hubadilika. Binti mmoja wa kidato cha pili aliniambia, "Mwalimu, nilidhani itanikuta nimepotea," na hakuhitaji kuelezwa alichokipata.

Yako mengine madogo ambayo ni mzigo wa kila siku. Usipige nyuzi zote sita kila mara: shuka kwenye nene mbili tatu, panda ukigusa nyembamba peke yake, nafasi itapatikana kwa sauti za watu. Ukitaka pigo kavu, legeza vidole vya kushoto bila kuvitoa, sauti itakufa yenyewe. Unapohama kodi, iache ya zamani nusu pigo kabla, mkono wa kulia uchukue nyuzi tupu wakati wa kupanda. Hakuna muumini atakayetambua, na hofu ya kugusa nyuzi tupu ndiyo inayowachelewesha wengi. Mwachie mpiga kayamba nafasi yake. Nyimbo zetu nyingi za matoleo ziko katika sita kwa nane, miguu ya waandamanaji inahesabu mbili na mikono ya mpiga kayamba inahesabu tatu ndani ya kila moja. Aliyezoea nne tupu za vitabuni hapo anavuruga maandamano. Na tukishuka kuimba bondeni, kutoka ukungu wa huku hadi joto la Mombo, nyuzi za chuma zinalegea na sauti inashuka. Tunatangulia kufika, tunaacha gitaa lizoee hewa, ndipo tunakaza.

Augustino huyohuyo aliandika pia vitabu sita juu ya muziki, na karibu vyote ni juu ya ridhimu. Alikusudia kuendelea na mambo ya tuni lakini hakuyafanya. Katika kitabu cha kwanza kuna jambo ambalo mimi nalikataa. Anamchukua ndege anayeimba vizuri bila kujua elimu ya anachokiimba, kisha anawaweka karibu naye wapiga vinanda ambao vidole vyao vimejifunza kwa kuiga na kwa mazoea. Hao, kwake, hawana maarifa; wana ustadi wa mwili tu. Ninamheshimu kama mwalimu wa Kanisa, lakini nadhani hajawahi kukaa na mtu kama mjomba. Mjomba hakujua kusoma nota. Mwimbaji akivuta pumzi kabla ya wakati, mkono wa mjomba ulimsubiri kabla kichwa chake hakijajua, na kusubiri huko kulikuwa sahihi kwa kiasi ambacho hakuna aliyeweza kukieleza, mwenyewe akiwemo. Kama hayo si maarifa, sijui tutayaitaje. Imani tunayoikiri kila Jumapili inasema Neno alifanyika mwili. Kwa nini basi tuone ajabu kwamba ujuzi fulani unakaa kwenye kifundo cha mkono na haukai pengine popote?

Jirani yangu mmoja, mzee aliyefundisha madrasa miaka mingi, hupita barazani tukiwa kwenye mazoezi. Kwake dufu la maulidi halina tatizo. Nyuzi zina tatizo. Siku moja baada ya kuitikia shikamoo yangu aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, hizo nyuzi zinakupeleka wapi?" Nilimpenda kwa swali hilo, maana humo kanisani hajawahi kuniuliza mtu. Alinieleza jinsi Imamu Ghazali alivyolipima jambo hili katika kitabu chake cha Ihya: kwamba vyombo vya nyuzi vilikatazwa kwa sababu ya kuambatana na vikao vya ulevi, si kwa sababu sauti tamu ni haramu yenyewe, na kwamba kusikiliza hakumtilii mtu moyoni kitu kisichokuwamo, kunaamsha kilichomo. Nasi Wakatoliki tusijifanye hatukuwahi kuwa na mashaka hayo. Mwaka 1903 Papa Pius wa X alikataza piano na ngoma kanisani. Mlango wa vyombo vingine ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963, nao pia kwa masharti: chombo kifae kwa ibada na kiwajenge waamini.

Neno la Ghazali ndilo linalonikumbusha Amosi. Katika sura ya 5 Mungu anakataa kusikiliza vinanda vya Israeli, naye hasemi vilipigwa vibaya. Yawezekana vilipigwa kwa ustadi mkubwa. Anavikataa kwa sababu maskini wanaonewa langoni. Kwa hiyo anayesema Mungu anatazama moyo hajakosea. Amekosea anapodhani kwamba moyo mwema unaufidia mkono mvivu. Ustadi hauwezi kununua haki, na haki haiwezi kutuni gitaa. Mwanakwaya anayemdhulumu kibarua wake wa shamba la viazi atapiga ridhimu safi na nyuzi zitaamsha kile kilichomo ndani yake. Hilo sina zoezi la kulitibu.

Lakini kuhusu majivuno nina la kusema, kwa sababu watu huogopa kwamba mazoezi yanayazaa. Kwenye kwaya yetu nimeona kinyume. Asiyejua ridhimu ndiye anayejaza kanisa lote nafsi yake: anaanza kwa haraka isiyoimbika, anapiga nyuzi zote sita kwa nguvu, waimbaji wanamgeukia, wazee wanamgeukia, padre anasubiri. Hataki kuonekana, na wote wanamtazama yeye. Anayejua hapotezi usikivu wa mtu. Watu wanaimba, na baadaye ukiwauliza gitaa lilikuwaje wanafikiri kidogo. Ustadi huu kipimo chake kiko kwenye koo za wengine, na ndiyo maana ninauona karibu na sala kuliko ustadi wa solo, ingawa solo naipenda.

Hata hivyo hatari haijaisha. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo huku tunaisikia kwa sababu shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ilianzishwa na Padre Damian Milliken, mmonaki wa Kibenediktini, ina sura ya 57 juu ya mafundi wa monasteri. Fundi akianza kujivunia ufundi wake na kuona kwamba anaifaa nyumba kuliko inavyomfaa yeye, aondolewe kwenye kazi hiyo mpaka atakaponyenyekea na abati amrudishe. Nimeisoma mara nyingi. Ni kali, na inaonyesha kwamba Benedikto aliuchukulia ufundi kuwa kitu kikubwa. Hakuna anayeweka sheria dhidi ya kiburi cha mambo madogo. Mtu anaweza kujivuna hata kwa kutosikika, akakaa nyuma ya kwaya akihesabu ni nani ametambua kwamba yeye ndiye nguzo.

Nina kijana sasa ambaye amefikia hapo. Mkono wake wa kulia ni bora kuliko wa yeyote niliyemfundisha, naye anajua. Wengine wakiteleza anafumba macho kama aliyechomwa. Kwa mujibu wa sura ya 57 ningemnyang'anya gitaa, na kuna wiki nilikaribia. Badala yake nimempeleka kuwapigia watoto wa shirika la Utoto Mtakatifu, ambao wanaanza wimbo polepole, wanakimbia kwenye kiitikio na kusimama kabisa mmoja wao akidondosha kiatu. Baada ya Jumapili ya kwanza alikuja kwangu amenuna.

"Shikamoo, mwalimu. Wale watoto hawashiki wakati."

"Marahaba. Nawe ulifanya nini?"

"Niliendelea mahali pa haki. Wakaniacha."

Nilimwambia Jumapili ijayo asiwapigie wakati wa metronomu, awapigie wakati wao, mkono usisimame hata wao wakisimama, na wakirejea wamkute. Aliuliza atajuaje watarejea lini. Nilimwambia awatazame vifuani, mtoto hawezi kuimba kabla ya kuvuta pumzi. Hakuridhika, lakini amechukua gitaa, na leo asubuhi mama yake ameniambia kwamba jana usiku aliwaomba wadogo zake waimbe naye jikoni.